Nzi Wametoka Shimoni Kwangu, Mipera Inayokatwa ni ya Shemeji

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na tafadhali usicheke mpaka ufike mwisho, ingawa najua utacheka kabla, maana hata mimi, kama mambo haya yangekuwa ya mtu mwingine, ningecheka mpaka nishike mbavu. Ni mwanamume wa miaka hamsini na miwili, nina mke mmoja, watoto watatu wakubwa ambao kila mmoja ana maoni yake kuhusu maisha yangu, kitambi cha wastani, na mipera mia mbili na kumi ya biashara. Safu yako naisoma kila wiki, ila si kwa namna unayodhani. Sisi wakulima wa mapera hufunga matunda yakiwa bado mtini, yaani pera likishafika ukubwa wa yai dogo tunalivisha kifuko cha gazeti ili nzi wa matunda asipate pa kutoboa na kutaga mayai yake, kwa hiyo ushauri wako mimi naupata juu ya ngazi, uzi mdomoni, tena mara nyingi nusu nusu, nikajua mke fulani kafungasha virago lakini nisijue kama alirudi, kwa sababu mwisho wa habari uko kwenye pera jingine.

Sasa leo mwenye habari ni mimi, na mwisho wake siujui.

Tuko kikundi cha wakulima ishirini na wawili, na tunauza kwa pamoja. Lori la mnunuzi huja kila Jumanne, karani wake anachomoa mapera machache kutoka kreti yoyote ile, anayapasua, na akimkuta funza hata mmoja anageuza lori lote na mzigo wetu sote unabaki kando ya barabara ukinuka. Ndiyo maana tuliweka sheria: pera likianguka liokotwe kabla ya siku mbili, litiwe kwenye mfuko mweusi wa plastiki, mfuko ufungwe mdomo na ukae juani wiki mbili mpaka vilivyomo vife. Hakuna kutupa, hakuna kurundika. Tukaona pia tuwe na mkaguzi wa kupita shamba kwa shamba, wakanichagua mimi kwa sababu naongea sana na nina kisu kizuri cha kukunja chenye mpini wa mti. Wakaniita Daktari wa Mapera, na mimi, Mungu anisamehe, nikalipenda jina hilo kuliko nilivyopaswa.

Aibu yangu inaanzia hapo. Sheria ile niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, lakini mifuko myeusi sikuipenda, inakaa uani kama wageni waliokataa kuondoka, na mimi ni mtu wa mboji, siwezi kuona kitu kinachooza nisikitamani, basi nyuma ya banda la kuku nikachimba shimo langu, shimo lenyewe lina kina cha goti, na usiulize goti la nani, kuku angeweza kusimama ndani akaona nje, nikawa namwaga humo mapera yangu yaliyoanguka, natia majani, natia makoleo mawili ya udongo juu, najiambia funza akishazikwa amezikwa. Yule afisa kilimo aliyetufundisha alisema wazi kwamba funza wa nzi huyu anatoka kwenye tunda na kuingia udongoni kwa hiari yake, hapo ndipo anapojikunja, anageuka, na baada ya siku kumi hivi anatoka ana mabawa. Nakumbuka alivyosema, maana nilikuwa naitikia kwa kichwa huku natafuta sukari ya chai. Kwa hiyo miezi yote hiyo nilidhani nawazika, kumbe nawatandikia kitanda.

Shimo hilo liko hatua sita kutoka kwenye uzio, na ng'ambo ya uzio ni shamba la shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, ameshona sare za shule miaka kumi na sita kwenye chumba chake cha mbele, na sasa macho yamechoka, anasema tundu la sindano siku hizi analipata kwa kubahatisha, ndipo akapanda mipera themanini ili ikianza kuzaa vizuri aiache mashine. Mshauri, hujaona mipera iliyotunzwa kama ile. Sisi wengine vifuko vyetu vya magazeti tunavikunja tu na kuvifunga uzi, yeye anavipitisha kwenye cherehani, vina pindo, vina mdomo wa kukaza, pera linatoka humo kama bibi harusi. Mke wangu ndiye humpelekea magazeti yetu tukishayasoma, kila Jumapili mchana, ameyakumbatia kifuani.

Pamoja na pindo zote hizo, funza wakaonekana kwake. Wakaonekana wengi, kwani nzi walikuwa wanatoka kwangu kwa makundi na kuyachoma mapera yake yakiwa machanga, hata kabla ya kuvishwa. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba mimi ni Daktari. Lori likageuzwa Jumanne moja, watu wakawa na hasira, tukaitana kikaoni kwenye stoo ya kreti, na mimi nikasimama mbele ya wote nikachukua pera kutoka kikapu cha shemeji, nikalipasua, nikamnyanyua funza kwa ncha ya kisu, anacheza, nikasema maneno haya ambayo sasa nayasikia hata nikiwa naoga: "Mnaona? Huu ndio uchafu wa mtu mmoja unaotuponza wote."

Shemeji alikuwa ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa. Akasema, "Mimi naokota kila siku, shemeji. Kila siku, hata Jumapili."

Nikamwambia, "Hapa mimi si shemeji. Hapa mimi ni mkaguzi."

Kuna mtu nyuma alisema, "Haya, daktari kasema." Wakacheka. Mwenyekiti akaandika kwamba shemeji atoke kwenye orodha ya lori mpaka msimu ujao. Yeye akainuka, akachukua kikapu chake, akaliokota hata lile pera nililolipasua, akasema, "Ahsante, Daktari." Tangu siku hiyo hajaniita shemeji tena. Ananiamkia vizuri, hajakosa adabu hata kidogo, ila ni Daktari hivi, Daktari vile, na ingekuwa tusi ningeweza kukasirika.

Wiki tatu zilizopita kuku walianza kuparura shimo langu na kutawanya mboji hadi mlango wa jikoni, mke wangu akalalamika, basi nikachukua chandarua cha zamani nikalifunika shimo lote na kukandamiza pembeni kwa mawe. Asubuhi ya tatu nikaenda kuangalia. Mshauri, upande wa ndani wa chandarua ulikuwa umejaa nzi. Si wa jikoni, ni hawa wetu, rangi ya asali, kiuno chembamba, mabawa yametandazwa, wamejipanga juu ya matundu wanasugua mikono kama wateja wanaosubiri sahani. Kila mmoja mpya kabisa, ametoka ardhini asubuhi ile. Na wote wanaegemea upande mmoja, upande wa uzio, inakotokea harufu ya mapera ya shemeji.

Nikachuchumaa palepale. Mke wangu alipita na ndoo ya maji ya kuku, akatazama chandarua, akanitazama mimi, akasema, "Unawahesabu au unawaaga?" Akaenda zake. Ni mtu wa utani sana mke wangu.

Ningeweza kusema siku ile. Sikusema. Siku mbili baadaye shemeji akaniita pale uzioni, kanga imefungwa kiunoni, futi yake ya kupimia bado iko shingoni.

"Daktari, samahani. Nakusumbua kwa neno moja tu."

"Sema."

"Kuna mtu wa msumeno wa mashine, nimeongea naye. Aje Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akate yote, nipande majani ya ng'ombe, angalau majani hayana funza. Lakini wewe unayajua haya mambo. Niambie kweli. Nikate, au nivumilie msimu mmoja tena?"

Alikuwa ananiuliza kwa moyo mmoja. Mimi nikatazama mawingu, nikakohoa, nikasema hali ya hewa nayo siku hizi haieleweki.

Akasema, "Sawa, Daktari. Nimeelewa." Akarudi ndani, nikasikia cherehani ikianza.

Sasa nimefikiria mengi. Nimefikiria nilifukie shimo kimyakimya, kisha msimu ujao nimkague, nimkute msafi, na nimrudishe kwenye orodha mimi mwenyewe kwa heshima zote, lakini msimu ujao atakuwa na ng'ombe. Nimefikiria hata kumwomba yule wa msumeno augue kidogo. Nikisema ukweli, kikundi kitanicheka mpaka niwe mzee zaidi ya nilivyo, mnunuzi anaweza kunitoa na mimi, mke wangu atajua kwamba nilimdhalilisha mdogo wake mbele za watu kwa kosa langu mwenyewe, na shemeji sijui. Hilo la shemeji ndilo linaloninyima usingizi. Halafu mke wangu naye Jumapili iliyopita kaniambia, "Magazeti ya wiki hii sipeleki. Mpelekee wewe." Nadhani miguu inamsumbua. Rundo liko pale mlangoni, nalivuka nikitoka, nalivuka nikiingia.

Nifanye nini, mshauri? Sitaki mipera ile ikatwe. Sitaki pia kuwa mimi.

Wako,
Daktari wa Mapera (cheo nitakirudisha)

*

MSHAURI ANAJIBU

Daktari wangu,

Nimecheka kabla ya mwisho, kama ulivyotabiri. Kwenye lile neno "Nimeelewa" nikaacha.

Barua yako imeruka foleni ya watu wenye wachumba wawili na wenye wakwe wakorofi, kwa sababu ina tarehe. Leo ni Jumatano. Msumeno unakuja Jumamosi. Mimi na wewe hatuna nafasi ya kubembelezana sana, kwa hiyo nitakubembeleza kwa haraka: wewe si mtu mbaya. Mtu mbaya angelifukia shimo akalala. Wewe umeandika kurasa nne kwa mkono, na ukurasa wa tatu una doa ambalo nitasema ni la chai. Kuchimba shimo fupi ni kosa la uvivu, na uvivu tunao sote. Ila ulipotazama mawingu pale uzioni ulikuwa unajua, na hilo siwezi kukupunguzia hata kidogo. Yule mama alikuletea swali la maisha yake, ukampa utabiri wa hali ya hewa.

Soma tena barua yako mwenyewe, maana nahisi umeisoma kama unavyosoma safu yangu, nusu nusu. Unasema mkeo akijua itakuwaje. Baba, mkeo anajua! Mwanamke anayekukuta umechuchumaa mbele ya chandarua kilichojaa nzi na kukuuliza unawahesabu au unawaaga, huyo hafanyi utani. Amepeleka magazeti kwa mdogo wake kila Jumapili, na ghafla anakuambia upeleke wewe. Miguu yake ni mizima. Amekufungulia mlango na kuweka rundo pale ulipo mguu wako, na wewe unaliruka kama mtoto anayeruka dimbwi. Amekuvumilia wiki tatu ili ukaseme mwenyewe. Usimfanye aseme yeye.

Kuhusu shimo, mimi nzi ninaowajua ni wa jikoni tu, hivyo nimempigia simu afisa kilimo mmoja. Kwanza akauliza kama wewe ndiye yule wa sukari. Nikasema sijui. Anasema usilifukue, ukilifukua utawaachia waliobaki. Kile chandarua ulichokiweka kwa ajili ya kuku ndicho jambo la akili pekee ulilofanya mwaka huu, na umelifanya bila kujua. Kiache. Zika kingo zake udongoni pande zote, ziba kila tundu lililochanika, na usiongeze humo hata pera moja. Watakaotoka watakwama na kufa mlemle. Kikae hivyo wiki sita, na wiki mbili baada ya kumwona nzi wa mwisho. Mapera mapya yaende kwenye mifuko myeusi kama sheria yako inavyosema. Matundu ya chandarua shona wewe mwenyewe. Najua nani hapo jirani ana cherehani, usithubutu.

Nikamuuliza na la mipera themanini. Akasema mti wenyewe hauna ugonjwa. Chanzo kikizibwa, mitego ikiwekwa pande zote mbili za uzio, na matunda yakivishwa mapema, msimu ujao anaweza kuvuna vizuri. Hakuniapia, na wewe usimwapie. Lakini swali lake sasa lina jibu, na jibu ni fupi: asikate.

Kwa hiyo utaenda. Leo, jua likiwa bado lipo, si kesho. Usiende na mkeo akusemee, wala usimtume mtoto wako mmoja mwenye maoni. Ukifika usianze na mawingu, usianze na salamu za dakika kumi, usianze na "unajua binadamu hukosea", maana hiyo ni njia ya kumwambia akusamehe kabla hajasikia. Sema: nzi wametoka kwangu, shimo ni langu, siku ile ya uzioni nilikuwa nimeshajua na sikukuambia, usikate mipera. Kisha mpeleke akaone chandarua kwa macho yake. Kisha nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni kazi ngumu kuliko kuchimba, lakini akae kimya muda anaotaka, na akitaka kukusema akuseme, na akikufukuza ondoka, ila kesho asubuhi rudi na ndoo ukaokote mapera yaliyoanguka chini ya mipera yake. Na keshokutwa. Msimu mzima, Daktari, na kitambi chako cha wastani. Kuinama kutakufaa.

Lile la kikundi usiligeuze kuwa barua kwa mwenyekiti. Ulisimama kwenye stoo ya kreti, simama palepale. Ulinyanyua funza kwa kisu, sasa nyanyua mkono wako mwenyewe. Waambie ni uchafu wa mtu mmoja, kama ulivyosema, na mtu huyo ni wewe. Omba jina lake lirudi kwenye orodha na lako litoke kwa muda ambao wangemtoa yeye. Kisu mkabidhi mwenyekiti, na pendekeza mkaguzi mwingine. Mimi ningemchagua mtu anayeokota hata Jumapili. Watacheka, ndiyo. Kuna mmoja ataiga unavyotembea. Utapona.

Hutaniuliza, lakini najua unachotaka kujua kuliko yote: kama atakuita shemeji. Leo hapana. Usimwombe, wala usimtegee sikio. Jina hilo ni lake kulirudisha, na wewe mwenyewe ndiye uliyelikataa mbele za watu.

Jambo la mwisho. Gazeti hili mnaligawana. Wewe ukishalisoma huenda kwake, naye kabla ya kulipitisha kwenye mashine lazima analitazama, kwa sababu mafundi hutazama kila kitambaa kabla ya kukikata. Hakuna jina lako humu, lakini kuna goti la kuku, kuna banda, kuna futi shingoni mwake. Hatahitaji miwani. Na mkeo akiuona ukurasa huu hatangoja Jumapili, kwa hiyo una saa chache za kufika kabla yake, na tafadhali fika kwanza wewe.

Nasikia rundo liko hapo mlangoni tangu Jumapili. Libebe.

Mshauri wako